KIGODA CHA MIGUU MITATU

Ndugu mkulima, kabla hatujaenda mbali, hebu kitazame kiti ulichokalia. Labda ni kiti cha plastiki kilichonunuliwa mjini. Labda ni benchi la mbao za msonobari. Au labda ni kile kigoda kifupi ambacho mama watoto hukikalia jikoni anaposonga ugali. Kama ni hicho kigoda, usiinuke. Leo tunazungumza juu yake: kilichongwa kwa vyombo gani, kwa nini kina miguu mitatu wala si minne, na ilikuwaje kikatoka kwenye baraza la wazee kikaishia nyuma ya mafiga.

Utasema, "Aa, kigoda nacho kina historia gani? Si kipande cha mti tu?" Wengi wanadhani hivyo, na ndiyo sababu habari zake hazisimuliwi. Tunasimuliwa vita na watawala, lakini mtu aliyemchongea mtawala kiti chake hatajwi. Naye alikuwa mkulima kama wewe. Msimu wa mvua alishika jembe. Kiangazi, mavuno yakiwa ghalani, alishika tezo.

Nchi ya kigoda ninachokisema ni ile ya miombo na mbuga za katikati na magharibi mwa Tanzania: Unyamwezi, Usukuma, Ugogo, mpaka Uhehe. Wasukuma na Wanyamwezi wanakiita isumbi. Ukivuka kwenda magharibi ya Ziwa Victoria, kwa Wahaya na ndugu zao Waganda, kiti ni entebe, na ndipo lilipotoka jina la mji wa Entebbe kule Uganda. Sisi wa Kiswahili tunasema kigoda, na neno hili halikufa hata kidogo. Mwaka 2008 Chuo Kikuu cha Dar es Salaam kilipoanzisha nafasi ya heshima ya mtaalamu wa masuala ya umajumui wa Afrika, kiliiita Kigoda cha Mwalimu Nyerere. Basi ujue kwamba hicho cha jikoni kina ndugu yake chuoni.

Sasa tuanze na chuma, maana bila chuma hakuna kigoda. Mti mbichi wa mninga hauchongwi kwa jiwe ukapendeza. Wahunzi wa nchi hii walikuwa mafundi wa kweli. Warongo wa Buzinza walijulikana kote kandokando ya ziwa. Wafipa walijenga matanuri marefu kupita kimo cha mtu, waliyoyaita malungu. Wapare nao walikuwa na sifa hiyo huko kaskazini. Kwa upande wa Buhaya, mwaka 1978 wataalamu wawili, Peter Schmidt na Donald Avery, waliandika kwamba wahunzi wa kale wa huko walijua kutoa chuma cha pua kati ya miaka 1500 na 2000 iliyopita, wakitumia tanuri la udongo, mkaa na mivukuto. Wazungu waliosoma habari hizo walishangaa. Wazee wa Buhaya, nadhani, hawakushangaa sana.

Mhunzi huyo aliyefua jembe ndiye aliyefua shoka, na ndiye aliyefua tezo. Jembe lilikuwa mali kubwa; liliuzwa mbali na nyumbani na hata lililipiwa mahari. Kwa hiyo usifikiri kwamba fundi wa vigoda alikuwa na sanduku limejaa vyombo. Chuma kilikuwa ghali. Alikuwa na shoka, alikuwa na tezo, pengine na kisu kilichopinda, basi. Mahali pengine hata shoka na tezo vilikuwa chuma kimoja: ncha nyembamba ya chuma ilipenya katika tundu la kirungu cha mpini, ukiweka makali yafuate mpini ni shoka, ukiugeuza ule ubapa robo duara ni tezo. Mpini mmoja, chuma kimoja, kazi mbili.

Ukishaelewa hilo, umeelewa kwa nini kigoda ni gogo moja. Kiti cha vipande kinataka msumeno wa kukata mbao, patasi ya kutoboa tundu, keekee ya kuzungusha, na kitu cha kupimia pembe. Kule pwani vyombo hivyo vilikuwepo kwa sababu ya biashara ya bahari, na mafundi wa Lamu, Siyu na Unguja walitengeneza kile kiti cha enzi cha watu wakubwa: mbao nyeusi zilizounganishwa kwa ulimi na tundu, egemeo refu, pa kuwekea miguu, kusokotwa kwa kamba, na mapambo ya pembe za ndovu au mifupa. Ni kiti kizuri, hatukibezi. Lakini mkulima wa bara, mwenye shoka na tezo, alipita njia nyingine. Hakuunganisha chochote. Aliondoa tu kisichotakiwa, na kilichobaki kikawa kiti. Kisichounganishwa hakilegei. Hakidai msumari wala gundi, na mvua ikikinyeshea viungo havitaachana, kwa kuwa havipo.

Na miguu mitatu je? Hapa pana akili ambayo mtu wa sakafu ya saruji haioni upesi. Chukua kiti cha miguu minne, kiweke uwanjani ambapo kuku wamechimbachimba, au kwenye zizi la ng'ombe. Kitacheza. Utatafuta kijiwe cha kuweka chini ya mguu mmoja. Kigoda cha miguu mitatu hakichezi popote, hata kama mguu mmoja ni mfupi kuliko mingine. Kitainama kidogo, lakini miguu yote itagusa chini. Hii ni kanuni ya hesabu, kwamba nukta tatu siku zote hulala kwenye ubapa mmoja. Mkulima aliyekamua ng'ombe alfajiri kwenye tope aliijua kwa makalio yake kabla hajaambiwa na mwalimu.

Isipokuwa tuseme ukweli wote. Miguu mitatu ina ubaya wake: ukiegemea upande ulio katikati ya miguu miwili, unaanguka. Kwa hiyo wazee hawakukaa kwenye kigoda kama mtu anavyokaa kwenye sofa. Walikaa wameinama mbele kidogo, miguu yao wenyewe imepanuliwa na nyayo zimekanyaga chini, hivyo kiti kikawa na miguu mitano. Na fundi mjuzi aliipeleka nyayo za kigoda nje mpaka ukingo wa kikalio, au kupita kidogo. Ukiona kigoda ambacho miguu yake imejikusanya katikati kama uyoga, kimechongwa kwa ajili ya macho ya mnunuzi, si kwa ajili ya mkaaji.

Haya, sasa tukichonge.

Kwanza ni mti. Katika nchi ya miombo mti unaopendwa ni mninga, ule unaotoa utomvu mwekundu kama damu ukiukata. Unachongeka vizuri, ukikauka haupindi sana, na rangi yake ya hudhurungi inapendeza. Kata kipande cha gogo kilichonyooka, kisicho na vifundo, urefu wa shibiri mbili hivi, yaani kama sentimita 40, na unene wa sentimita 30 hadi 35. Kipande kitakaa wima kama kilivyosimama mti wenyewe. Sababu ni miguu: nyuzi za mti zikienda juu na chini, mguu una nguvu, zikikata mguu kwa upana, siku mtu mnene akikaa, mguu unakwanyuka.

Chonga mti ungali mbichi. Hili linawashangaza waliojifunza useremala wa mbao, ambao wamefundishwa kusubiri mbao zikauke. Fundi wa kigoda hasubiri, kwanza kwa sababu mninga mkavu unachosha mkono, pili kwa sababu gogo zima likiachwa likauke litapasuka tu. Nje linakauka na kunywea, ndani bado lina maji, basi ufa unaanzia pembeni na kukimbilia kwenye moyo wa mti. Ukilichonga mapema na kulipunguza unene, hewa inaingia pande zote na kukauka kunakwenda sawasawa. Siku ile ile ya kukata, paka udongo wenye mavi ya ng'ombe kwenye miisho miwili ya gogo, maana maji hutoka kwa kasi kupitia hapo.

Sasa chora. Weka kijiti katikati ya uso wa gogo, funga uzi, zungusha mkaa upate duara. Unataka kugawa duara hilo mafungu matatu yaliyo sawa, nawe huna kipimo cha pembe. Usihangaike. Uzi ule ule, kwa urefu ule ule uliochorea duara, upime kandokando ya duara lenyewe. Utaingia mara sita kamili, bila kuzidi wala kupungua. Weka alama sita, kisha ruka moja moja. Umepata sehemu za miguu mitatu. Jaribu leo jioni kwa kamba na mchanga, utaona.

Kwa shoka, lisawazishe gogo liwe mviringo. Kisha, upana wa vidole vinne kutoka juu, katiza kuzunguka, ili kikalio kijitenge na sehemu ya chini. Ligeuze gogo, kikalio kiwe chini, miguu itazame mbinguni. Hapo shoka liweke kando, kazi iliyobaki ni ya tezo.

Tezo inafanana na jembe dogo, makali yake yamekingama na mpini. Fundi hukaa chini, akalibana gogo kwa nyayo zake, akawa anavuta makali kuelekea kwake kwa mapigo mafupi. Ndiyo, kuelekea kwake. Anayeanza hupiga kwa nguvu. Mzoefu huacha uzito wa chuma ufanye kazi, mkono unaongoza tu. Usikilize mlio. Tezo inayokwenda na nyuzi hutoa banzi jembamba linalojikunja. Inayokwenda kinyume hutoa mlio wa kuchanika, na ukiendelea utang'oa kipande usichokitaka. Shuka na nyuzi siku zote. Ukifika mahali zinapogeuka, mgeuze huyo kigoda, usishindane naye.

Ondoa kwanza mti ulio katikati ya miguu kwa nje, mafungu matatu. Kisha chimba katikati kutoka chini, kidogo kidogo, mpaka miguu mitatu ianze kuonekana. Wengi huharibu hapa. Wanataka kuona miguu mapema, wanaifanya myembamba kabla hawajamaliza ndani, na tezo ikigonga mguu mwembamba unakatika. Acha miguu iwe minene na mibaya mpaka mwisho. Kikalio nacho kichimbwe kiwe kama sahani isiyo na kina, kikibakia na unene wa vidole viwili katikati. Bonde hilo si la starehe peke yake. Kwa kukipunguza kikalio unapunguza pia hatari ya ufa.

Ukichoka, au jua likiwa kali, usikiache kigoda wazi. Kifukie katika mabanzi yake mwenyewe, mabichi bado, pembeni pa nyumba pasipo na upepo. Kikimalizika, kipindi cha kukauka kifukie vivyo hivyo kivulini kwa wiki kadhaa, ukipunguza mabanzi polepole. Ufa mdogo ukitokea si msiba. Vigoda vya zamani vingi vina nyufa zilizobanwa kwa kipande cha chuma au waya, na wenyewe waliendelea kuvikalia mpaka wakazeeka.

Kulainisha ni kwa majani ya msasa, yale yanayokwaruza kama ulimi wa paka. Neno tunalotumia leo tukisema "piga msasa" kwa karatasi ya dukani limetoka kwenye mti huo. Baada ya hapo mafuta: ya mbarika au samli, yasuguliwe kwa kitambaa, yarudiwe. Wengine huchora mapambo kwa chuma cha moto. Kisha kigoda kitundikwe juu ya moshi wa jiko siku chache, fukusi wasikipende.

Kiti kama hicho kilikuwa na adabu zake. Mgeni akifika, jambo la kwanza ni kigoda, maji baadaye. Kwenye nyumba nyingi kigoda cha baba hakikukaliwa na mtoto. Na kwa watemi kilikuwa alama ya utawala wenyewe. Katika makumbusho ya Berlin, Ujerumani, kipo kiti cha Kinyamwezi kinachopita mita moja kwa urefu, chenye egemeo lililochongwa umbo la mtu, chote gogo moja. Kilitoka huku wakati wa ukoloni wa Wajerumani, mwishoni mwa karne ya 19. Na ukifika Bujora, karibu na Mwanza, katika makumbusho ya Wasukuma, utaona banda la watemi lililojengwa kwa umbo la kiti cha mtemi. Nyumba nzima imekuwa kigoda. Mwaka 1963 serikali ya Tanganyika iliondoa madaraka ya watemi, na viti vyao vikabaki kumbukumbu. Hilo halikukigusa kigoda cha mkulima. Yeye hakuwa na madaraka ya kuondolewa.

Kilichokigusa ni kitu kingine. Majembe na mashoka ya Ulaya yaliingia kwa bei nafuu, na katika nusu ya kwanza ya karne ya 20 matanuri ya kuyeyusha chuma yalizimika moja baada ya jingine. Mhunzi akawa anafua vyuma chakavu. Mpaka leo tezo nzuri za vijijini hutokana na springi za magari. Wakati huo huo shule za misheni na vyuo vya ufundi, kama kile cha Ifunda mkoani Iringa katika miaka ya 1950, zilifundisha useremala wa mbao, randa na msumeno. Hatusemi kwamba ulikuwa ubaya. Madawati ya watoto wetu yalitoka huko. Ila pamoja na mbao iliingia fikira kwamba kiti chenye egemeo ni cha karani na kigoda ni cha mshamba. Baba akanunua kiti cha ofisini, kigoda akapewa mama jikoni. Kilibaki pale pasipo na sakafu, ambapo miguu minne bado inacheza. Waliohitaji kazi waliendelea nacho, walioona haya walikiacha. Siku hizi mara nyingi wanunuzi wenye hamu ni watalii, nao wanataka chenye simba mgongoni.

Lakini lipo jambo jingine, na hapa lazima tusemezane bila kuoneana aibu. Kuchonga kigoda kunakula mti. Ukipima mabanzi utakuta zaidi ya nusu ya gogo imelala chini. Babu alipokuwa na pori hadi upeo wa macho, hilo halikuwa neno. Mninga unachukua zaidi ya miaka 70 kufikia unene wa kupasuliwa mbao, na walioutaka ni wengi: mafundi wa vitanda na milango, wachoma mkaa, wafanyabiashara wa magogo. Tena kwa Sheria ya Misitu ya mwaka 2002 huwezi kwenda tu porini ukaangusha mninga kwa kuwa umesikia habari za kigoda kwenye redio. Nenda kwanza ofisi ya kijiji na kwa bwana misitu, uulize kibali.

Basi kigoda kifute? Hapana. Kiti hiki hakihitaji mti mzima, na humo imo nafuu yake. Mbao ya mlango inataka gogo refu lililonyooka. Kigoda kinataka kipande cha sentimita 40 tu. Mwembe mzee usiozaa tena shambani kwako unatoa vigoda kadhaa, ingawa fukusi wanaupenda, kwa hiyo usiuonee huruma moshi na mafuta. Mfenesi ni bora zaidi, mgumu kuliwa na wadudu, una rangi ya manjano inayokolea kadiri unavyozeeka. Na wapasuaji wa mbao, wale wanaofanya kazi kwa kibali, wakishakata magogo yao huacha vipande vya miishoni na matawi manene ambayo hayapasuliki mbao. Mara nyingi vinachomwa pale pale. Mpitie mpasuaji siku anayoangusha mti, si wiki inayofuata, maana kipande kilicholala juani siku sita kimekwisha kupasuka hadi moyoni. Chukua na kopo la udongo wenye mavi ya ng'ombe, upake miisho kabla hujakifunga kwenye baiskeli.